Kanda Iliyomlilia Mama

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wanaoimba, asifiwe na wanaolia pia. Mimi ni wa kundi la pili.

Miaka ya tisini tulikaa mtaa wa Jericho, jijini: baba, mama na mimi. Baba alikuwa karani wa reli na mzee wa kanisa. Nikiwa kidato cha tatu, mama akafariki, na baba akatangaza kwamba nyumbani kwake hapatasikika mayowe. Kwetu magharibi mtu hazikwi kimyakimya. Wanawake huanza kilio wakiwa bado barabarani. Lakini baba alisema aliyeokoka halii kama asiye na tumaini. Basi tukaimba mapambio, tukapiga makofi, tukamzika mama yangu huku tukitabasamu. Tukitabasamu, ndugu zangu!

Niliacha kula. Niliacha kusema. Nilianza kutamani kufa, na ninalisema wazi kwa sababu huenda hapa yuko mtu anayetamani hivyo sasa hivi.

Ndipo jirani yetu Wafula akaniazima kanda aliyoletewa na kaka yake kutoka ng'ambo. Muziki wenyewe uliitwa black metal. Gitaa zilisaga kama mashine ya posho, ngoma zikakimbia, halafu mtu akapiga yowe. Wafula alicheka, "Maze, hizi ni kelele tu!" Mimi sikucheka. Lile ndilo yowe tulilomnyima mama. Nikawa naisikiliza kanda hiyo kutwa, mlango nimeufunga.

Baba akawaita vijana wa kanisa, wakaja na kiberiti. Mmoja alisema ni upuuzi, mwingine akasema ni pepo, na hakuna aliyeketi asikilize hata wimbo mmoja! Siyatetei maneno ya nyimbo zile. Machache niliyoyaelewa yalimtukana Mungu, na yalinitisha. Lakini mtu hasimami kutukana mlangoni pa nyumba anayojua haina mwenyewe.

Shangazi yangu, dada ya baba, alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Kakamega. Aliwatimua wale vijana na kiberiti chao, akaketi kitandani kwangu, akaniambia, "Weka nisikie." Alisikiliza upande mzima, mikono mapajani. Kisha akauliza, "Huyu kijana wa watu analilia nani?"

Nikasema sijui.

"Haya," akasema. "Kilio chake nimekisikia. Kizime, tusikie chako."

Akashika kichwa kwa mikono miwili, akamwita mama kwa jina la ukoo wake, kwa sauti iliyowatoa majirani nje. Changu nacho kikatoka! Baba akaja mbio kutunyamazisha. Alifika mlangoni, akafungua mdomo, na badala ya neno kikatoka kilio. Mzee wa kanisa aliketi sakafuni na suti yake, akamlilia mkewe. Jioni alisonga ugali mwenyewe, nami nikala.

Ndugu zangu, sisemi kanda iliniokoa. Aliyeniokoa ni Yesu, aliyelia njiani kwenda kaburini kwa rafiki yake, watu wakimtazama. Namshukuru! Mtoto wako akisikiliza muziki unaokutisha, usiucheke wala usiuchome kabla hujajua anamlilia nani. Na wewe uliyekaa na maiti kifuani miaka yote hii, mwamini Bwana, njoo hapa mbele.

Waimbaji, acheni kinanda kwanza. Mwacheni huyu aliyekuja alie.