Mzee Nyangau na Tromboni Iliyoelekezwa Ukutani

Baada ya miaka thelathini na minne ya kunasa sauti katika studio yetu hapa Kisii mjini, Mzee Manasseh Nyangau anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025. Kabla ya jua kutua, bila shaka. Mwadventista huyu hajawahi kugusa mtambo Sabato ikishaingia.

Alianza kwa kurekodi kanda za kwaya. Ana ugonjwa mmoja usio na dawa: kutaka kujua. Aliwahi kusimamisha kwaya nzima ya akina mama kutoka Manga ili achunguze kwa nini sauti nzito husikika vizuri zaidi mlango wa stoo ukiwa wazi. Hatujui hadi leo, na chai ilipoa.

Mwaka 2019 likaja kundi la roki mbadala, ile isiyopigwa sana redioni, likiongozwa na Ian Mokua. Walitaka magitaa ya kukwaruza yaende pamoja na tarumbeta na tromboni. Mzee hakuwa amesikia jambo kama hilo, macho yakamng'aa. Akawapanga wapulizaji kama anavyopanga kwaya: mbele, karibu na maikrofoni. Sauti yao ikameza magitaa yote. Wakarudia, yakawa yale yale. Ian akakata shauri: tromboni itoke, kinanda kishike nafasi yake. Bonareri, aliyeipiga, akaanza kuifunga kwenye leso huku machozi yakimlengalenga. Ilikuwa Ijumaa, imebaki saa moja mtambo uzimwe, na kundi lilikuwa likiondoka kesho yake. Mimi nilishaanza kukunja nyaya.

Mzee akamwomba Bonareri asubiri. Akamsimamisha kwenye korido, akamgeuza aelekee ukuta uliotundikwa blanketi, maikrofoni akaiweka hatua sita nyuma yake. Mara ya tatu ikakubali: tromboni ilisikika chini ya magitaa, imara, haigombani na yeyote. Dakika nne baadaye akazima mtambo.

Siku hizi makundi ya roki yanatoka mbali kuja kurekodi kwenye korido ile. Lakini mimi nakumbuka zaidi alichofanya Ijumaa ile kabla ya kufunga mlango. Fundi wa sauti hulaumu ala, hulaumu mvua, hulaumu stima kukatika. Mzee alisimama mbele ya kundi zima akamwambia Bonareri kwamba kosa lilikuwa lake yeye aliyempanga vibaya, wala si la tromboni. Msichana akalia waziwazi, na Ian akaomba radhi.

Asante, Mzee. Pengo lako tutaliona. Uishi vyema huko Nyansiongo, na ng'ombe wako wayavumilie maswali yako.