Kilichomuua Lakain Pyapo, Tabibu wa Nusu kwa Nusu

Ndugu waombolezaji, mama zetu mliojipaka udongo, na ninyi wanaume wa ukoo wetu wa Watalema mliosimama huko nyuma na mashoka mkidhani sijawaona, mimi ni Delma, binti wa kwanza wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu nilifika darasa la kumi, na najua hamkuja kusikia alizaliwa lini, mmekuja kusikia mstari mmoja tu, ule wa kilichomuua, ili mjue kama leo mtavuka mto kwenda kuua au mtarudi majumbani, lakini mstari huo una mahali pake, mtausubiri.

Marehemu Lakain Pyapo alizaliwa hapa Kolemanda mwaka 1941, mwaka wa jalidi, baridi ya barafu iliyounguza viazi vyote, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Pyapo na mama Wambi, na kabla hajaota meno baba yake alipigwa mshale kooni na Wasakaro, ukoo wa ng'ambo ya mto, akafia kwenye matuta ya viazi, hivyo marehemu alikua akihesabiwa nani kamuua nani, kama tulivyokua sisi sote.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1951 hadi 1957, akapata mafunzo ya uuguzi miaka miwili, na tarehe 4 Februari 1961 akafungua zahanati yetu, chumba kimoja cha nyasi kando ya mto, mahali ambapo koo zote mbili zingeweza kufika bila kukanyaga ardhi ya adui.

Tarehe 19 Juni 1962 alimuoa mama yetu Yakame, binti wa hao hao Wasakaro, maana sisi huoa kwa watu tunaopigana nao, na siku hiyo kaka yake mama, mjomba Tindiwa, alisema mbele ya nguruwe wa mahari, "Shemeji, kuanzia leo nikitaka kukulenga mshale itabidi nimwombe dada ruhusa," watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mungu aliwajalia watoto wanne, mimi, Kepas, Mianda na Pundi, ambaye ametangulia.

Vita vya mpaka vilipozuka Machi 1971, nyumba arobaini zilichomwa, wanaume walikatwakatwa shambani, wanawake wakakimbilia msituni na watoto wakalala katika baridi na moshi wakikohoa, barabara ikafungwa, na kasha la penisilini lililofika zahanati halikutosha hata ukoo mmoja. Kila upande ulileta watu wenye pinde kusimamia mgao, naye akafanya kama tunavyogawa nguruwe, akapasua katikati, huku nusu na kule nusu, kisha akapasua tena, mgonjwa aliyestahili sindano tano kwa siku tano akapata mbili, ili asipatikane wa kusema wa kwetu alipunjwa. Homa ilishuka siku ya pili, kila mama akambeba mtoto wake akaenda zake, na hivyo ndivyo alivyopata jina la Nusu kwa Nusu, akalipenda, na kwa miaka kumi hakuna aliyemgusa.

Tarehe 11 Julai 1979 mdogo wetu Pundi alifariki kwa nimonia, yaani kichomi, baada ya kuchomwa sindano zote tano na nyingine tano juu yake, ndipo baba akapeleka makohozi ya mwanawe, aliyoyachukua kabla hajafa, maabara ya mjini, na jibu aliturudishia yeye mwenyewe mekoni, kwamba vijidudu vya kichomi hukaa kimya puani na kooni mwa mtoto mzima, dawa ikija kidogo inaua vile vinyonge, vile vigumu vinabaki na uwanja wote, vinazaana, vinahamia kwa mtoto anayelala naye kwenye moshi mmoja, na tena huokota silaha za vijidudu jirani vilivyokufa, vikazifanya zao, kama wanaume wetu wanavyookota ngao ya maiti. Akakunja barua akasema, "Hivi nimevilea mimi."

Kuanzia siku hiyo hakupunguza sindano hata moja, aliwafuata akina mama hadi bustanini, wao wakimtania, "Nusu kwa Nusu, leo umekuwa Nzima kwa Nzima?", lakini maji yakimwagika hayazoleki. Tarehe 8 Oktoba 1981 Kambao, binti wa mjomba Tindiwa, alifariki akiwa na miaka minne baada ya dozi kamili, na tarehe 14 asubuhi mjomba aliingia zahanati na shoka, akasema, "Shemeji, sindano za kwenu ni dawa, za kwetu ni maji, siyo?" Baba akajibu, "Pundi wangu alichomwa dawa hiyo hiyo." Mjomba akasema, "Basi umeua wawili," akampiga begani, akampiga tena mgongoni hadi mbavu tatu zikavunjika, damu ikaloanisha daftari la wagonjwa, nami nikampiga mjomba jiwe la uso, na lingekuwa zito zaidi ningefurahi.

Hospitali ya mkoa walimshona, jeraha likaanza kufunga, ila kwa mbavu zile hakuweza kukohoa, siku ya sita homa ikapanda, penisilini aliyomiminiwa haikufua dafu, na dawa nyingine ilipofika mapafu yote mawili yalikuwa yamejaa. Aliniita akasema, "Delma, kwenye karatasi utakayosoma siku ya kunizika andika kichomi." Nikasema, "Baba, naandika shoka." Akasema, "Shoka lilinipiga, mwanangu, kinachoniua nimekilea mimi, mchimba kisima huingia mwenyewe, usiwasukume humo watoto wa mjomba wako." Nilimkasirikia, na bado namkasirikia hapa alipolala.

Alifariki Ijumaa tarehe 23 Oktoba 1981, saa nne asubuhi, na karatasi ya daktari inasema nimonia ya mapafu yote mawili, vijidudu sugu kwa penisilini. Kama mbavu zisingevunjwa angekohoa, hilo nalijua, na usugu ule usingekuwepo angepona, hilo nalo nalijua. Anayetaka kuvuka mto na avuke, lakini ajue kwamba kile anachokwenda kukilipizia kisasi kimo pia kooni mwa mtoto aliyemwacha nyumbani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, wahudumu wenzake wa zahanati za bondeni, majirani mliotupikia, na wanaume sita waliobeba machela kwa saa tisa, wanne wa kwetu na wawili wa Wasakaro, ambao leo hawakuthubutu kuja.

Baba, nimeandika kichomi, pumzika kwa amani.