Herufi Alizozitaka Angela

Kijiwe cha kahawa cha Majengo kinatazamana na chumba cha cherehani ambacho mlango wake haujafunguliwa tangu Angela azikwe, na sasa ni mwezi wa pili. Asubuhi hiyo baba yake, Ponsian, mchora vibao ambaye mji mzima unamwita Mzee Brashi, alipanda ngazi akaandika juu ya mlango ule: ANGELA MITINDO. Aliziiga herufi za jarida la mavazi alilolikuta nyumbani katikati ya vitambaa vya marehemu: upande nguzo, upande uzi, na vikucha vyembamba miguuni. Ndizo alizoombwa na Angela miaka miwili akakataa. Sasa alikuwa ameketi benchini, rangi nyeusi haijamtoka vidoleni, na wenzake walishaanza kuzikosoa.

— Hiyo A mguu mmoja mnene, mwingine unywele, alisema Methusela, fundi baiskeli waliyempachika jina la Waziri kwa sababu anajua kila kitu. — Itaanguka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Methali yako haihusiki, Waziri, alisema Malale, mzee wa minada ya ng'ombe. — Ila kweli haifai. Mpige ng'ombe chapa ya hivyo uone. Mvua moja tu, manyoya yameifunika, ng'ombe si wako tena.

— Nyie hamjui, Waziri aligeuza maneno. Matajiri wanaipendea hapo hapo, haisomeki mbali. Inabidi usogee. Ukisogea unaiona nguo, ukiiona nguo umekwisha. Haba na haba hujaza kibaba!

— Mimi nasikia huko Dar wanaikondesha makusudi. Wiki nzima haili, kama wale mabinti wa maonyesho ya mavazi.

— Herufi inakula nini, Malale?

— Wino!

Walicheka. Hata Ponsian alitabasamu, kisha tabasamu likamfia mdomoni.

— Na mimi nilimwambia hayo hayo, alisema. — Nilimwambia, mwanangu, mtu wa bodaboda hasomi uzi. Nikamwandikia herufi nene, kama za duka la mbolea. Akashukuru. Kibao akakiegemeza nyuma ya mlango, hakukitundika mpaka anakufa. Wala hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Waziri aliinua macho kuelekea mlango ule.

— Zinaonekana, Mzee Brashi. Kutoka hapa nazisoma zote.

— Na macho yako yalivyo mabovu, Malale aliongeza kwa upole.

Bodaboda ikasimama. Akashuka mama mmoja, amekumbatia kitenge kipya kilichokunjwa vizuri.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mama.

— Natoka kijijini Mamba. Kila nikija hapa huwa napotea, lakini leo kibao kile nimekiona nikiwa bado kule barabarani. Jamani, kizuri! Eti, Fundi Angela anafungua saa ngapi?

Waziri, anayejua kila kitu, aliinamisha kichwa. Malale akageukia ukutani.

Ponsian aliinuka, akampisha mahali pake.

— Kaa kwanza, mama, alisema. — Mimi ni baba yake.