Bwana Tik na Vipande Vyake Vitatu

Ndugu zangu mliokuja kutufariji, familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya kaka yangu, naye hakupenda kuzidishiwa wala kupunguziwa, hivyo nitasoma yaliyoandikwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, mtoto wa pili wa baba seremala na mama mshonaji, akasoma shule ya msingi kuanzia 1962, sekondari hadi 1972, kisha chuo cha ufundi, na tarehe 1 Julai 1976 akaajiriwa katika maabara ya vipimo ya shirika la simu.

Kazi yake ilikuwa kuisahihisha mashine inayopima nyaya na antena, kwa kuifungia vipande vitatu vya chuma ambavyo vipimo vyake vinajulikana, kimoja baada ya kingine, kwa spana ndogo inayolia tik nguvu ikishatosha, ndiyo maana wenzake walimwita Bwana Tik, na mkewe mwalimu, aliyemwoa tarehe 18 Desemba 1982 wakajaliwa watoto watatu, alilalamika kwamba chupa ya chai aliyoifunga mumewe haifunguliki na binadamu mwingine.

Kifungua mimba wao, binti, aliajiriwa maabara hiyo hiyo, na Juni 2009 akaleta kisanduku cha kielektroniki, kinachochomekwa mara moja na kumaliza kazi yote, baba yake akamwambia kwamba mchele wa haraka hauchambuliwi chuya, basi wakashindanisha njia hizo mbili siku tatu, mafundi wanne kwa zamu, wote wakipima waya uleule. Kisanduku kilitoa jibu lilelile kwa kila mkono, majibu ya vipande yakayumba hata mkononi mwa marehemu, naye alipotazama kwa lenzi akakuta pini ya kimoja imelika, akatoka nje, akakaa, aliporudi akaandika mwenyewe kwamba kosa si la vipande bali lake, kwa kuwa tangu Januari hakuvikagua, na akaagiza vifaa vyote sitini na vinne alivyovitilia saini mwaka ule vipimwe upya, jambo lililomkosesha ukuu wa maabara aliokwisha kuahidiwa.

Alistaafu Machi 2014, akaanza kuugua figo Novemba 2023, akafariki tarehe 2 Juni 2024, saa tatu asubuhi. Wiki moja kabla, alimkabidhi binti yake vile vipande, pini ikiwa mpya, pamoja na karatasi isemayo kisanduku nacho huchoka, kikaguliwe kwa hivi kila mwaka, ila hivi vikaguliwe kwanza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupokea zamu za kumuuguza, na wenzake wa maabara.

Pumzika kwa amani, kaka, binti yako amevikagua asubuhi hii, kabla hatujakuleta hapa.