Simu Ndani ya Kikapu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na nyinyi mnaotufuata kwa simu, itikieni hata kama hatuwasikii. Mimi ni Linet, yule wa kusuka nywele pale Khayega. Nimeokoka na ninampenda Yesu.

Hapa kwetu tunapendanga kuombeana waziwazi. Mtu anasimama, anataja shida yake, tunamzunguka. Basi Jumapili moja nikasimama nikasema kitu ambacho mama pekee alikuwa anajua: niko na kifafa. Kilinianza nikiwa darasa la sita, ndiyo maana shule niliiacha mapema. Mkanishika mabega, mkaniombea, nikarudi nyumbani nikiwa mwepesi.

Sikujua simu ya ibada ilikuwa bado inaturusha mtandaoni. Ndugu Shadrack, kijana wetu wa mitambo, hakuwa na nia mbaya. Alizoea tu kuiwasha tukianza na kuizima tukifunga. Lakini mtu huko nje alikata kipande changu, kikatembea kwa magrupu ya simu. Kesho yake kilifika steji ya bodaboda kabla yangu.

Ndugu zangu, nililia. Wateja walianza kupitia mbali, ati mate yangu yakiwagusa wataanguka pia. Mmoja nilikuwa nimemsuka nusu. Akaangalia simu yake, akaniangalia mimi, akaondoka na nusu ile ile.

Na mimi niko na ndoto! Nataka saluni yenye kioo cha kushika ukuta mzima, mteja ajione mpaka viatu. Ndoto hiyo niliikunja nikaiweka. Kibanda changu cha kusukia nikafunga. Kanisani nikaacha kusimama, na hata nyumbani nikawa naomba kwa kunong'ona, kama kwamba Mungu naye atanirekodi.

Shadrack alifuta video, akaja kwetu kuomba msamaha. Lakini akaongeza kwamba ushuhuda si wa kufungiwa, na kila mtu ako na uhuru wa kusema. Nikamjibu, "Neno la Mungu tangaza mpaka mwisho wa dunia. La kwangu ungeniuliza." Akainama, akanywa chai yake polepole.

Wazee wetu wakakaa, wakaja na uamuzi: simu zisiingie tena kanisani. Watu waligeuka kuniangalia, wakidhani nitafurahi. Lakini nilimfikiria shangazi yangu wa Malava, ambaye miguu haimbebi tena. Ile simu ndiyo kanisa lake. Je, akose ibada kwa sababu ya aibu yangu?

Nikasimama, nikasema. "Msiizuie. Tukifika kwa kuombea mahitaji, izimwe, ilale ndani ya kikapu cha sadaka. Anayetaka lake lisikike nje, aseme mwenyewe."

Halafu Mama Nafula, kiongozi wa akina mama, akachukua kikapu, akaenda akakisimamisha mbele ya Shadrack kama anayedai sadaka. Kanisa lote likacheka, na simu ikaingia.

Kesho yake huyo Mama Nafula alikuja kunichukua nyumbani, tukafungua kibanda, akavua kitambaa cha kichwa. "Nisuke hapa nje, mwenye macho aone." Hapo ndipo Bwana alinifungua! Vidole vilikuwa vinasuka, machozi yakidondoka kwa nywele zake, na hakuyapangusa.

Sisemi kifafa kimeisha. Dawa namezanga kila jioni. Hofu ndiyo imeisha. Yule wa nusu kichwa alirudi, nikammalizia upande wa pili tukicheka.

Leo mnaona simu inanitazama. Nilimwambia Shadrack asubuhi, "Washa. Habari hii ni yangu, na nimeitoa."

Asante Yesu, na asanteni nyinyi. Nikikaa, kikapu kinapita kuchukua simu. Kama uko na jambo linakukaza moyo, mtegemee Bwana, lilete. Litabaki hapa.

Na wewe shangazi, simu ikizimika usifikiri bando za intaneti zimeisha. Tutakurudia kwa wimbo.