Esdras Mwenze, Aliyesikiliza Madaraja

Tarehe 31 Machi 1999 Esdras Mwenze anaacha kazi ya reli huko Kamina, baada ya miaka thelathini na minne. Alianza kwa kugonga reli kwa nyundo. Anaondoka akiwa mlinzi wa ghala. Cheo hicho cha mwisho kinahitaji maelezo.

Kwa muda mrefu alikuwa mkaguzi wa madaraja, wa kwanza kwetu kusikiliza chuma kwa mashine. Alibandika vipokea-sauti kwenye mihimili kwa grisi, akahesabu milio midogo ambayo chuma hutoa kinapoanza kupinda, kabla jicho halijaona kitu. Alitufundisha kwamba chuma kizima kilichokwisha kubeba tani mia hunyamaza chini ya tani themanini. Kikilia, kimeumia. Hata kitanda cha ugenini alikigonga kwanza kabla ya kulala, mkewe Tamar akaona haya.

Mwaka 1993 sisi wenye asili ya Kasai tulipofukuzwa Katanga, tulingoja treni majuma mengi katika stesheni ya Kamina. Ilipopatikana, Mwenze aliisimamisha mbele ya daraja. Alikuwa amepitisha kwanza injini bila mabehewa, na mhimili ukalia. Tulijua ni mtu wa Katanga. Tukadhani tumejua yote.

Mama Ngalula, mmoja wetu, alimpigia kelele dirishani: “Mulitufukuza, sasa munatukatalia na njia! Weye iko na roho gani?”

“Mama, chuma iko inalia. Mushuke, muvuke na miguu.”

Tulimtemea mate tukipita. Anayeandika haya, msaidizi wake kwa miaka kumi na mmoja, aliyejua vizuri maana ya milio ile, alitema pia.

Mabehewa yakasukumwa matupu, moja moja. Chini ya la tano mhimili ulikunjika, behewa likaangukia mtoni. Ndani hamkuwa na mtu.

Wakubwa wake walimshtaki kwa kutupendelea na kupoteza behewa. Waliomba ushahidi wa abiria. Barua ya ombi ilitufikia Kasai. Hakuna aliyejibu. Kumshukuru mtu wa Katanga mwaka ule kulitushinda. Akavuliwa cheo, akapelekwa ghalani. Mashine yake iliporwa katika vita vya 1997.

Basi ushahidi ni huu, umechelewa miaka sita: treni ile ilikuwa na watu mia nne na kumi, na wote walivuka.

Asante, Baba Esdras. Upumzike salama na Mama Tamar, uwe na afya na siku nyingi. Wala usitusamehe upesi.