Upande wa Ziwa: Mwalimu Renatha Bagenda, 1957–2025

Kabla hatujateremka kwenda kumzika, familia imenituma mimi, Alexander, mdogo wake Mwalimu, nisome habari za maisha yake. Alizoea kunitania kwamba mimi ni wa mwisho kuzaliwa na wa kwanza kusema. Leo nitasema hata yale yanayonihusu vibaya, maana yeye asingekubali nisome karatasi yenye mapengo.

Mwalimu Renatha alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 huko Kanyigo, mkoani Kagera, mtoto wa kwanza kati ya watano wa Mzee Projest Bagenda na Mama Annet. Akiwa na miaka tisa baba alimtembeza kuzunguka shamba letu la migomba na kumwonyesha milamula, ile mimea ya majani marefu membamba ambayo kwetu hupandwa mpakani. Alimwambia mlamula haung'olewi, na anayeung'oa ana ugomvi na walio hai na waliokufa. Dada alilishika somo hilo vizuri kuliko sisi wote. Baba alipofariki mwaka 1979, shamba liligawiwa kwa watoto wa kiume watatu, naye akaambiwa kwake ni kule atakakoolewa. Mimi nilipata kipande chenye kahawa na sikumuuliza alijisikiaje.

Alianza shule ya msingi Kanyigo mwaka 1965, akasoma sekondari Bukoba, kisha akavuka ziwa kuja Chuo cha Ualimu Butimba, alikohitimu mwaka 1979. Kuanzia hapo hadi alipostaafu Agosti 2017 alifundisha darasa la kwanza, na darasa la kwanza tu, katika shule za Buhongwa na Nyamagana. Mara mbili alitakiwa awe mwalimu mkuu akakataa, akisema watu wazima wana wengi wa kuwasemesha, watoto hawana. Nimetembea naye soko kuu nikaona wanaume wenye mvi wakimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," naye kabla ya kuitika anawatazama kucha.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na Josephat Machibya, fundi wa injini za boti, mwenyeji wa Magu. Walijaliwa watoto wawili, Hellen na Renatus. Shemeji Josephat alikuwa mtu wa maneno machache na vicheko vingi, na tulimpenda. Alifariki mwaka 2011 akazikwa kwao Magu. Miaka yote ya ndoa waliishi nyumba za shule na nyumba za kupanga. Alipostaafu tulimshauri arudi Kanyigo, nami nikajitolea kumkatia sehemu ya kujenga. Alinijibu hivi: "Alex, nimekuwa mgeni kwa baba, mgeni kwa wakwe, mgeni kwa serikali. Nataka mahali ambapo nikipigilia msumari ukutani siombi ruhusa."

Ndipo akaja hapa Igombe. Mnaouona mji huu leo mnaelewa kilichomvutia: mawe makubwa, maji, na ukimya wa kumsikia jirani akisonga ugali. Tarehe 10 Machi 2018 tulisimama pale palipo lango, yeye, mimi na muuzaji, Mzee Masele. Mzee alitaka kumuuzia sehemu ya juu peke yake. "Mwalimu, chukua huku. Kule chini kwenye maji kuna usumbufu," alisema, na hakusema usumbufu gani. Mimi nikaona mlamula umesimama kule chini, mmoja, mkubwa. Nikacheka, nikaunyooshea kidole. Nikamwambia mzee wa watu, mbele ya mashahidi, "Mpaka ule pale, unaonekana. Hata mtoto wa Kihaya anaujua mlamula. Usitufanye wajinga." Mzee akasema, "Haya. Basi mpaka ni pale." Dada akauza ng'ombe wake, akaongeza kwenye kiinua mgongo, na kiwanja chote kikawa chake hadi kwenye mlamula.

Nyumba ilipokwisha kujengwa, alihamia tarehe 3 Februari 2019. Wiki ya pili alinipigia simu kunieleza kwamba kila siku saa tisa alasiri, ziwa likiwa limetulia, kuna mtoto anakimbia kibarazani. Alidhani ni wa jirani. Akiwa jikoni alipaza sauti ya darasani: "Acha kukimbia! Tembea!" Mbio zikakoma, na nyayo zikaanza kutembea polepole hadi mwisho wa kibaraza. Alipotoka hakukuwa na mtu, ila saruji ilikuwa na alama za maji. Aliniambia hakutishwa na zile mbio. Kilichomtisha ni kwamba mtoto alitii.

Mwezi wa Aprili aliamua kupanda migomba karibu na ule mlamula, kama kwa baba. Shigela, aliyekuwa akimsaidia kulima, alichimba shimo la tatu akakuta kikombe cha bati, na chini yake mifupa midogo. Aliweka jembe chini akavua kofia. "Mwalimu," alisema, "hapa si pa kulima. Hapa amelala mtu."

Siku hiyo hiyo Dada alimfuata Mzee Masele Buhongwa, alikohamia kwa mwanawe. Mzee hakubisha. Alisema zamani nyumba yao ilikuwa pale, na aliyelala pale ni Getruda, mtoto wa dada yake, aliyezama Novemba 1981 akichota maji, akiwa na miaka sita. "Kwa nini hukusema?" Dada alimuuliza. "Nilitaka kukuuzia ya juu tu," alisema mzee. "Yule mdogo wako aliponicheka mbele za watu, nikaona bora ninyamaze. Nimekosa. Na dada yangu hajui kama nimeuza."

Nimesoma mbele yenu jambo hili kwa sababu ni langu. Kaburi la mtoto liliuzwa kwa sababu ya kicheko changu.

Dada alimleta Bibi Bernadeta, mama wa Getruda, kwa bajaji hadi mlangoni. Waliteremka pamoja, wakaurudisha udongo pamoja, na kikombe kikarudi mahali pake. Bibi alisema mlamula aliupanda mwenyewe ili asipapoteze. Kisha, bila kuulizwa na mtu, akasema, "Huyu mtoto alikuwa hatembei, anakimbia tu. Nilikuwa nampigia kelele kutwa. Januari ile alikuwa aanze darasa la kwanza." Dada hakumwambia alichokisikia kibarazani. Alimshika mikono akamwahidi mambo mawili: mtoto huyu hatauzwa tena, na ziwa lililomchukua mara moja halitamchukua mara ya pili. Bibi Bernadeta alifariki mwaka 2022 akiishikilia ahadi hiyo.

Nilikuja kumtembelea Julai ile ya 2019. Saa tisa nilimkuta kibarazani na ubao mdogo na chaki, mbele yake kiti kidogo kitupu, anasoma: a, e, i, o, u. Nilimpigia Hellen nikamwambia mama yake akili inaanza kumpotea. Sikumwambia kwamba nami nilisikia miguu mitupu ikikanyaga saruji, ikienda kwa adabu hadi kwenye kile kiti. Nilijidai sijasikia, na nikawahi gari la jioni.

Mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda. Wazee wa hapa mnakumbuka lilivyoingia mashambani. Lilifika hatua kumi kutoka kwenye mlamula, na Dada alishinda majini na Shigela wakipanga ukuta wa mawe. Mwaka 2021 alipata hati yenye jina lake peke yake. Aliitundika sebuleni, na msumari aliupigilia mwenyewe.

Juni 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alianza kusafishwa damu hospitali ya rufaa, mara mbili kisha mara tatu kwa wiki, na Hellen alimuuguza kwa moyo ambao mimi sina. Mei 2024 ziwa lilipanda tena, likabomoa sehemu ya ukuta, likasimama hatua nne kutoka kwa mtoto. Ukimpigia Dada simu wodini, kabla ya kuuliza habari za nyumbani aliuliza, "Maji yamefika wapi?" Aliaga dunia Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa tano asubuhi, baada ya kupokea sakramenti ya wagonjwa.

Jumatano tulikaa kikao cha familia hapa sebuleni, mimi nikiwa mwenyekiti. Nilisema tunampeleka Kanyigo kwa baba. Wakwe wa Magu walisema alale kwa mumewe. Na niseme ukweli wote: nilikuwa nimeshaongea na mtu anayetafuta kiwanja cha ufukweni. Tulipokuwa tunabishana, kibarazani mtu akapita mbio, akarudi mbio, akapita tena. Niliinuka kukemea watoto. Nikakumbuka watoto wote tuliwaacha mjini. Sote tulisikia, hata Padre aliyekuja kutupa pole. Hellen hakuinuka. Alisema tu, kwa sauti ya mama yake, "Tembea." Nyayo zikatembea hadi kwenye mlango huu zikasimama, kama mtu aliyetumwa kuulizia jambo.

Hellen akatoa daftari la mama yake. Dada alikuwa ameandika kwa mwandiko wa ubaoni, mkubwa, ili hata mimi nisidai sikuelewa: "Mnizike hapa kwangu, karibu na Getruda, upande wa ziwa. Maji yakija tena, yaanze na mimi." Hakuna aliyetaja tena Kanyigo wala Magu. Yule mnunuzi nilimpigia simu nikamwambia mahali hapa pana wenyewe. Jana mimi na Shigela tulichimba kaburi, na nimepanda mlamula wa pili kwa mikono hii iliyonyoosha kidole siku ile.

Mwalimu Renatha ameacha watoto wawili, Hellen na Renatus, wajukuu watano, wadogo wanne, na maelfu ya watu wanaojua kusoma kwa sababu yake. Ameacha pia mwanafunzi mmoja, Getruda, darasa la kwanza.

Baada ya mazishi chakula kitakuwa hapa hapa nyumbani. Mtakapokuwa mmekaa kibarazani, mkisikia mtu anapita mbio, msiogope na msimfukuze. Mwambieni kwa upole atembee, Mwalimu wake amelala.

Dada, nisamehe. Walale kwa amani, mkubwa na mdogo, na maji yakae mbali nao.